Kofia ya Thelathini na Tisa

"Ulihesabu mara ngapi?"

"Mara tatu, Afande. Kila kituo nahesabu. Kwenye chemchemi, thelathini na wanane. Mlangoni mwa kanisa wakiingia, thelathini na wanane. Wakitoka, thelathini na wanane. Miaka ishirini na miwili nawatembeza watu, sijampoteza hata mmoja."

"Sikuja kwa ajili ya watu, Balta. Nimekuja kwa ajili ya viatu."

Baltazar Quiñones akajishika kichwa kwa mikono miwili. Filimbi yake ya kuwaitia watalii ilikuwa bado inaning'inia shingoni; hakuna askari aliyekuwa na roho ya kumvua. Nje ya dirisha la mahabusu, nusu ya mji wa Tepexala ilikuwa imejaa uwanjani, na nusu nyingine ilikuwa njiani inakuja.

"Mtoeni huyo mwizi!" alipaza sauti mmoja.

"Mtoeni na sisi tumtembeze! Vituo vyote, dakika tano tano!" akadakia mwingine, na watu wakaangua kicheko. Inspekta Remedios Zaldívar hakukipenda kicheko hicho. Watu wanaotukana huchoka. Wanaocheka wana nguvu bado.

Akaangalia saa. Saba kasorobo mchana.

Jambo lenyewe lilikuwa fupi. Saa tano na dakika kumi asubuhi, don Crisóforo, msimamizi wa kanisa kwa mwaka huu, aliingia kufuta vumbi kwa ajili ya sikukuu ya jioni, akaikuta sanamu ya Mtoto Mtakatifu iko peku. Viatu vyake vya fedha havipo. Vidogo, kila kimoja kinatosha kwenye kiganja cha mtoto mchanga, lakini vilitengenezwa kwa kuyeyusha hereni za mabibi wa mji huu, vijiko vya chai, vifungo vya sare za marehemu. Hakuna nyumba Tepexala isiyokuwa na kipande chake ndani ya viatu vile. Na tangu kulipopambazuka, kundi moja tu lilikuwa limeingia kanisani: basi la watalii wa "Tepexala kwa Saa Tatu na Nusu". Chemchemi dakika kumi, kanisa dakika nane, uchochoro mwembamba dakika tano, duka la peremende dakika kumi na mbili, na kuendelea mpaka chakula cha mchana. Ufunguo wa kanisa alikuwa nao Baltazar, mpaka alipowatoa wageni wake akamrudishia don Crisóforo.

"Nieleze kuhusu kisanduku cha kioo anamokaa Mtoto," alisema Remedios.

"Nikueleze nini, na wewe umezaliwa hapa?"

"Nieleze kama vile mimi mgeni."

Baltazar akashusha pumzi. "Hakina ufunguo. Unambonyeza njiwa wa mbao aliye pale chini, kushoto, halafu unainua kioo. Kila mtoto wa hapa anajua. Ukifika miaka saba mama anakunyanyua unabusu mguu wa Mtoto, unamwona njiwa anabonyezwa, basi, umejua mpaka kufa."

"Na uliwaonesha watalii?"

"Kwa dakika nane? Nawaonesha dari, nawaonesha madhabahu, mmoja anauliza choo kiko wapi, zimekwisha." Kisha akasema polepole, "Ndiyo maana wanasema ni mimi. Mle ndani mwenyeji nilikuwa peke yangu."

"Ndivyo ulivyohesabu."

"Afande, gari la jimbo linakuja kunichukua saa ngapi?"

"Saa nane."

"Na basi linaondoka saa nane."

"Najua, Balta."

"Basi likiondoka na viatu vimeondoka. Nami nimeondoka." Akaishika filimbi yake kana kwamba mtu alitaka kumnyang'anya. "Mke wangu amekuja dirishani. Unajua ameniuliza nini? Ameniuliza, 'Ni kweli?' Mke wangu!"

Remedios akatia mkono mfukoni. Simu yake ilikuwa inalia.

Alikuwa Meya. Meya hakuwa na salamu siku hiyo. "Inspekta, magari yote kagua. Mikokoteni kagua. Punda kagua. Ila wale wageni, hapana! Mwaka jana mgeni mmoja aliandika kwenye mtandao kwamba supu yetu ni ya baridi, tukakosa mabasi miezi miwili. Hakuna kuwapekua, hakuna kuwaomba vitambulisho, hakuna kuwahoji. Wasijue kama kuna lolote. Umenisikia? Mgeni haguswi."

"Na nikiwa na shaka na mmoja wao?"

"Kuwa na shaka kwa mbali."

* * *

Sajenti Tiburcio alikuwa akimngoja nje, tumbo likimnguruma kwa sauti ambayo hata watu wa uwanjani waliweza kuisikia. Alikuwa amesimama kwenye kizuizi cha barabara tangu saa tano na nusu bila kutia kitu mdomoni.

"Magari sitini na moja, Afande. Nimepata mbuzi wa wizi na mume wa Lucrecia aliyesema yuko safarini. Viatu, hakuna."

"Mume wa Lucrecia alikuwa wapi?"

"Chini ya mahindi."

"Hilo utanisimulia baadaye, na usiache kitu. Basi liko wapi?"

Basi lilikuwa limeegeshwa kando ya mgahawa wa doña Eduviges. Tangu Baltazar akamatwe, aliyewaongoza wageni alikuwa dereva, mtu mmoja aitwaye Hilarión, ambaye kazi yake ni usukani na si maneno. Remedios alimkuta ameketi kwenye ngazi ya basi, jasho linamtoka, karatasi ya ratiba imemlowa mkononi.

"Mama yangu, Afande, nimeteseka! Nimewafikisha uchochoroni, wananitazama. Nikawaambia: hapa ni uchochoro. Wakaendelea kunitazama. Nikaongeza: wa zamani. Wakapiga makofi! Sokoni nimewaambia yule muuza nyanya ni mjukuu wa mfalme. Sasa wote wamepiga naye picha na hataki tena kuuza nyanya."

Remedios alikuwa hamsikilizi sana. Alikuwa anatazama juu, kwenye dirisha la tatu la basi, ambako nyayo mbili nyeupe zilikuwa zimetokeza nje zikiota jua.

"Nani huyo?"

"Bibi mmoja. Magoti yanamsumbua. Alishuka kwenye chemchemi, akapewa kofia yake, akapiga picha moja akarudi kulala. Nimempelekea maji mara mbili."

"Alirudi lini?"

"Pale pale kwenye chemchemi. Kanisani hakufika."

"Baltazar alijua?"

Hilarión akakuna shingo. "Sikumwambia. Alikuwa mbele na filimbi yake, mimi nyuma na basi. Nikajua atahesabu mwenyewe."

Na alikuwa amehesabu. Remedios alirudia polepole, kama mtu anayepanga sahani. Watalii thelathini na wanane walishuka kwenye chemchemi. Mmoja akabaki kwenye basi. Kanisani walipaswa kufika thelathini na saba. Baltazar alihesabu thelathini na wanane, akafurahi kwamba hesabu imetimia, akafungua mlango.

"Tiburcio! Ingia mgahawani ukahesabu kofia. Kimya kimya. Jifanye unatafuta mtu."

Kila mtalii kwenye chemchemi hupewa kofia ya ukindu yenye utepe wa njano, ili kiongozi amwone kwa mbali. Kofia zile zile sokoni zimetundikwa kama vitunguu, anayetaka ananunua.

Sajenti akarudi macho yamemtoka. "Thelathini na wanane. Nimehesabu mara mbili. Afande, pale ndani wanakula mole, ule mchuzi mweusi wa kuku, wenye ufuta juu..."

"Thelathini na wanane mezani, mmoja kwenye basi?"

"Ndiyo."

"Thelathini na tisa." Akampiga Sajenti bega mpaka kofia yake ya kiaskari ikapinda. "Kuna mtu wetu mle ndani, Tiburcio! Mtu wa hapa, mtoto wa hapa, amenunua kofia na miwani ya jua, akajipenyeza katikati ya wageni kati ya chemchemi na kanisa. Akambonyeza njiwa. Na hajakimbia, kwa sababu barabara umeifunga wewe, na gari pekee lisilopekuliwa ni hili hapa!"

"Wenzake wasimjue?"

"Wametoka hoteli nne tofauti, wamekutana leo asubuhi. Kila mmoja anadhani ni wa hoteli nyingine."

"Basi tuingie tumtoe!"

"Yupi?"

Sajenti akachungulia mgahawani; kofia zote zilifanana.

"Siruhusiwi kuomba kitambulisho," alisema Remedios. "Siruhusiwi kuuliza swali. Nikimvua miwani mgeni wa kweli, Meya atanivua cheo, na yule mwingine atapanda basi akinipungia mkono. Saa ngapi?"

"Saba na robo."

* * *

Doña Eduviges alikuwa jikoni, mikono imeloa unga wa mahindi, masikio yako wazi kama kawaida yake. Hakuna harusi wala ugomvi Tepexala uliowahi kumpita. Remedios alipomaliza kumnong'oneza, mama huyo aliweka mkono kifuani, si kwa huzuni, kwa raha tupu.

"Ndani ya mgahawa wangu! Shoga, ngoja niende nikawatazame."

"Usiende kuwatazama. Una pilipili gani kali?"

"Ninayo ile ya mkwe wangu."

"Kwa nini ya mkwe wako?"

"Huwa namtengenezea anapokuja bila kualikwa."

Remedios alitaka jaribio rahisi. Mgeni wa kweli akiionja ile pilipili, atalia. Mtu aliyelelewa hapa ataichota kwa tortila, chapati ya mahindi, kama anayechota maharage. Bakuli sita zikapelekwa mezani. Remedios na mama mwenye mgahawa wakachungulia kupitia pazia la jikoni, vichwa vimegusana.

Meza ya kwanza, bwana mmoja mwekundu akazidi kuwa mwekundu. Meza ya pili, wanandoa wakanywa maji kutoka kwenye jagi. Meza ya nne, kijana mrefu akasimama, akazunguka kiti chake, akakaa. Na meza ya tano, mwanamume mmoja mweusi, wa kimo cha wastani, masharubu yamekatwa vizuri, kofia imeshuka usoni, akachota kijiko kizima. Akatafuna. Akachota cha pili. Akafuta bakuli kwa tortila.

"Huyo!" alinong'ona doña Eduviges akimfinya mkono. "Hata hakukohoa! Huyo kanyonyeshwa hapa!"

Remedios alichukua sinia la maji ya machungwa, akatoka kama mhudumu. Alipomkaribia, yule bwana aliinua uso akatabasamu, akamwonesha bakuli tupu, kisha akamwonesha simu yake: picha ya mke, picha ya watoto watatu, picha ya duka la vitambaa lenye maandishi ya kujikunja asiyoyajua hata herufi moja. "Hyderabad," alisema akijigonga kifua. Akaonesha tena bakuli, akainua kidole kimoja. Anaomba lingine.

Remedios akarudi jikoni na uso umemshuka.

"Ni wa huko mbali. Anasema haijakolea."

"Haijakolea?" Doña Eduviges aliwaka. "Pilipili yangu?"

"Saa ngapi, Tiburcio?"

"Saba na nusu, Afande. Na pale uwanjani wameleta ngoma."

Ilibaki nusu saa. Remedios alihitaji hewa. Akapita katikati ya meza kuelekea mlango wa nje, ambao ulikuwa mwisho wa ujia mwembamba. Karibu na mlango huo kulikuwa na meza moja ndogo, na pale mafundi wawili wa bomba walikuwa wanakula supu yao. Remedios aliwapita, mawazo yako kwenye viatu, mkono uko kwenye komeo.

"Provecho," alisema.

"Asante, Afande," mafundi wakajibu bila kuinua vichwa.

Akasimama. Mlango ukabaki nusu wazi. Hakuwa amekusudia kusema chochote. Hakuwa hata amewatazama. Mdomo ulisema wenyewe, kama unavyosema kila siku tangu ujue kusema, kwa sababu Tepexala mtu hampiti anayekula, awe ndugu, adui au mtu asiyemfahamu kabisa, bila kumtakia chakula chema. Anayepita bila kusema huulizwa kwao ni wapi.

Alirudi jikoni karibu anakimbia.

"Mama Eduviges, watatoka kwa mlango upi?"

"Ule wa ujia. Huu wa nyuma una mapipa."

"Wataweza kupita wawili wawili?"

"Mmoja mmoja, na aliyeshiba apite ubavu."

"Tiburcio! Una njaa?"

Sajenti alimtazama kama mtu anayehofia kudhihakiwa.

"Kakae na wale mafundi. Agiza mole. Nakuamuru ule."

"Nile... kazini?"

"Ule kwa nguvu zako zote. Usiinue kichwa. Wageni wanafundishwa neno la asante na neno la bia. Hili hakuna anayewafundisha, na hata wakilisikia hawana mazoea nalo. Atakayesema provecho, akilisema bila kujijua, mshike mkono."

"Na kama hatasema?"

"Basi utakuwa umekula."

* * *

Saa nane kasoro dakika kumi na tano Hilarión aliingia, akapiga makofi, akapaza sauti, "Basi! Basi!" neno pekee aliloamini wote wanalielewa. Viti vikaburuzwa. Kofia za njano zikaanza kupanga mstari ujiani.

Remedios alikuwa ameketi mkabala na Sajenti, kijiko mkononi, kisahani cha mole mbele yake. Hakusikia ladha yoyote. Pembeni mafundi wa bomba, waliokuwa wameambiwa kila kitu na doña Eduviges ndani ya dakika moja, walikuwa wanatafuna huku wamekodoa macho kama watu wanaotazama mpira wa penalti.

Bwana mwekundu akapita, kimya. Wanandoa wakapita wakigombana kwa lugha yao. Kijana mrefu akasema "Asante!" akijivunia. Si hilo. Mama mmoja akasimama akampiga picha Sajenti na mchuzi kidevuni. Bwana wa Hyderabad akapita amebeba chupa ya pilipili aliyopewa na mwenye mgahawa kwa hasira, akainamisha kichwa kwa heshima, hakusema neno.

Ishirini. Ishirini na watano. Nje injini ya basi ikaunguruma. Kule uwanjani ngoma zikaongezeka, na kati ya ngoma Remedios alisikia honi ya gari la jimbo.

Thelathini. Thelathini na wawili. Fundi mmoja alikuwa ameacha kutafuna kabisa. Remedios akamkanyaga mguu chini ya meza.

Wa thelathini na nne alikuwa mtu wa makamo, shati la maua, kamera kubwa kifuani, miwani myeusi, ngozi ya uso imeungua jua kama ya wageni wote. Asubuhi nzima hakuwa amesema na mtu. Alikuja haraka kidogo, akageuka ubavu ili asimguse Sajenti kiwiko, akanyoosha mkono kushika mlango.

"Provecho," alisema, laini, kama mtu anayepumua.

"Asante, ndugu," alijibu Sajenti Tiburcio mdomo umejaa. Kisha akakumbuka. Akamdaka mkono.

Yule mtu akaanza kusema maneno ya kigeni, mengi, kwa haraka, akionesha kamera, akionesha basi, uso umejaa mshangao wa mgeni aliyeonewa. Alikuwa hodari. Sajenti akamtazama mkuu wake kwa hofu.

"Afande, Meya alisema mgeni haguswi!"

"Alisema hivyo," alijibu Remedios akisimama. "Na sisi hatujamgusa mgeni."

Akamvua miwani, kisha kofia. Ilikuwa nzito kuliko ukindu. Alipoigeuza, bitana iliyoshonwa kwa uzi mpya ikaachia, na kitu kimoja kikaanguka mezani kikilia kama kengele. Cha pili kilitua katikati ya mole ya Sajenti.

"Abundio!" Doña Eduviges alipiga kelele kutoka jikoni, mwiko mkononi. "Abundio, mtoto wa mtengeneza mishumaa! Miaka kumi na minane hatujakuona, na unarudi hivi! Mama yako alitoa hereni zake kwenye viatu hivyo, mshenzi wewe! Nilikuwepo!"

Yule mtu aliacha kusema lugha ya kigeni. "Nilikuwa nimefika mlangoni," alisema kwa lafudhi ya mtaa wa chini. Kisha, akitazama kisahani cha mole, "Ni huyu mnene. Alikuwa anakula kwa raha mno."

Remedios hakungoja zaidi. Alifunga viatu ndani ya leso, kimoja kikiwa bado kinanuka ufuta, akakimbia. Umbali wa mgahawa hadi kituoni ni uwanja mmoja, lakini habari ilimtangulia kwa mbali: alipofika katikati ngoma zilikuwa zimenyamaza, na wale wale waliotaka kumtembeza Baltazar walikuwa wanapisha njia huku kila mmoja akimweleza jirani yake kwamba yeye tangu asubuhi alisema si yeye.

Baltazar alitolewa nje akipepesa macho. Mbele yake alisimama don Crisóforo, mtu wa kwanza kumtaja jina asubuhi ile. Mzee alitia mkono mfukoni, akatoa ufunguo wa kanisa, akaushika kwa vidole viwili hewani mpaka Baltazar akaupokea.

"Saa ngapi, Afande?" Baltazar aliuliza.

"Nane kasoro dakika tisa."

"Kanisani ni dakika nane."

Akaweka filimbi mdomoni, akaipuliza mpaka njiwa wa mnara wakaruka. Kofia za njano zilizokuwa zinapanda basi zikageuka, zikamwona, na zikashangilia bila kujua kwa nini. Walikuwa wamechoka na mjukuu wa mfalme. Wakamfuata mbio kuvuka uwanja, na mji mzima nyuma yao, na mkewe mbele ya mji akivuta sketi kwa mikono miwili.

Mlangoni mwa kanisa Baltazar akageuka, akanyoosha kidole, akaanza kuhesabu. Akafika mwisho, akasita. Akarudia.

"Thelathini na saba," alisema.

Remedios akamshika bega, akamgeuza aelekee basi. Kwenye dirisha la tatu, bibi wa magoti alikuwa amejitokeza nusu mwili, anawapungia kofia yake ya njano.

"Thelathini na wanane," alisema Baltazar Quiñones, na akafungua mlango.